Mla Nawe Hafi Nawe

Kuna wimbo wa Meksiko wa mwaka 1975 ambao kilele chake ni mtu kukataa kuimba. Gari jekundu limebeba kilo mia za kokeini kwenda Chicago. Limezuiwa San Antonio, Texas, risasi zimelia, na sherifu anataka maelezo. Lino Quintana, mmoja wa waliomo garini, anamwambia kwamba wenzake wamekwisha kufa na hawataweza kusema kitu; ama yeye, anaomba radhi, kuimba hakujui. Kwa Kihispania cha watu wa kazi ile, kuimba ni kuimba, na tena ni kutoboa siri mbele ya polisi. Wimbo unaitwa La Banda del Carro Rojo. Mtunzi wake ni Paulino Vargas, na walioueneza ni Los Tigres del Norte, ndugu na jamaa waliotoka kijiji cha Rosa Morada, jimbo la Sinaloa, wakahamia San José, California, wangali vijana.

Basi tunaimbiwa sifa za mtu asiyeimba. Na aliyewachongea yumo pia, ametajwa tangu beti za mwanzo, ila hakupewa jina. Mwenye kunyamaza ana jina na ukoo. Mwenye kusema ni mchongezi tu, kivuli. Mwishoni mwimbaji anahesabu misalaba saba, minne ya watu wa gari, mitatu ya watu wa serikali.

Ni wimbo mzuri. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana nimekuja kuhubiri.

Aina hii ya wimbo huitwa corrido (isichanganywe na korido za nyumba zetu). Ni hadithi iliyopigiwa gitaa, na kaskazini huongezwa kodiani na gitaa nene la nyuzi 12. Ina taratibu zake: hutaja siku, mahali na jina la mtu, husimulia kilichotokea, halafu mwimbaji huaga. Aliyelelewa na tenzi hatapata tabu kuielewa. Wakati wa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 corrido ndizo zilizopeleka habari kwa watu wasiojua kusoma, na karatasi zake ziliuzwa masokoni na kwenye sherehe za mitaa. Lakini heshima ninayotaka kuizungumzia ni ya zamani zaidi ya mapinduzi, na mfano wake bora ni mkulima mmoja aliyesingiziwa wizi wa farasi.

Tarehe 12 Juni 1901, wilaya ya Karnes, Texas, sherifu alifika kwa akina Cortez akiulizia farasi. Mkalimani aliyekuja naye Kihispania kilikuwa kinampiga chenga. Gregorio Cortez aliulizwa kama amebadilishana farasi, akajibu hapana, kwa sababu alichobadilishana kilikuwa farasi jike, na Kihispania kina neno mbali kwa dume na neno mbali kwa jike. Sherifu akaona anadanganywa. Akampiga risasi Romaldo, ndugu yake Gregorio. Gregorio akampiga sherifu, akamuua. Kuanzia hapo ni siku kumi za kukimbia, kwa miguu na kwa farasi, akisakwa na mamia ya watu, mpaka akakamatwa karibu na mpaka wa Meksiko. Aliyemwonyesha alikuwa Mmeksiko mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wimbo unasema vingine. Katika wimbo Cortez anapata habari kwamba watu wake wanateswa na kufungwa kwa ajili yake, basi anakwenda kujitoa mwenyewe. Américo Paredes, mwanazuoni wa Texas aliyeuchambua mkasa huu katika kitabu chake cha mwaka 1958, aliziweka habari zote mbili kando kwa kando bila kuikejeli ile ya wimbo. Watu wa mpakani walijua fika kwamba shujaa wao alichongewa. Wakaamua kutouimba uchongezi. Wakamtungia mwisho waliouona unamstahili: mtu mwenye bastola, farasi na nafasi ya kuvuka mto, anayerudi nyuma kwa ajili ya waliomficha na kumpa maji.

Tazama uaminifu huo unaelekea wapi. Unateremka. Mkubwa wa wimbo anajitoa kwa ajili ya wadogo. Na hakuna aliyelipwa kuutunga.

Magendo nayo yaliingia mapema katika corrido. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya mwaka 1920 na 1933, watu walivusha tekila mtoni Rio Grande, wengine wakauawa, wakaimbwa. Bangi, kasumba na kokeini zilipochukua nafasi ya tekila, wimbo uliendelea na njia ileile. Ila biashara yenyewe ilikuwa na tabia yake, na nadhani tabia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini nyimbo hizi hazichoki kutaja uaminifu.

Kwetu neno uaminifu ni ndugu wa neno amana. Mwaminifu ni mtu unayeweza kumwachia kitu chako ukalala usingizi. Sasa mfikirie mtu anayekabidhiwa mzigo wa mamilioni kwa mkopo, bila risiti, bila shahidi, aufikishe kwa mtu mwingine naye arudishe fedha taslimu kwa mtu wa tatu. Akiiba, hutampeleka mahakamani. Akichelewa, hakuna wakala wa bima. Kinachoshikilia biashara nzima ni neno la mtu, na nyuma ya neno hilo kuna bunduki. Sisi husema ahadi ni deni kwa kumkumbusha mtu aibu yake. Kule ni deni kwelikweli, na hukusanywa.

Kwa hiyo wimbo unaosifu mtu wa neno lake unasifu pia nyenzo ya kazi, kama vile mvuvi anavyosifu chombo kisichovuja. Na ukiwaona wavuvi wanakiimba mno chombo kisichovuja, ujue vingi vinavuja. Corrido iliyoufungulia mlango muziki huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya Los Tigres haohao, imelibeba neno usaliti katika jina lake: Contrabando y traición, magendo na usaliti. Camelia na Emilio Varela wanavusha bangi ndani ya matairi ya gari hadi Los Angeles. Wanalipwa. Emilio anamgawia Camelia fungu lake na kumwambia njia zao zinaachana, yeye anakwenda San Francisco kwa mwanamke anayempenda. Zinasikika risasi saba. Polisi wanakuta bastola imetupwa. Camelia na fedha hawakuonekana tena. Fungu la mzigo liligawanywa kwa haki. Kilichovunjwa ni ahadi nyingine, isiyo na mizani, na ndiyo iliyomuua mtu.

Mabadiliko makubwa aliyaleta, pengine bila kukusudia, Chalino Sánchez. Alizaliwa Sinaloa mwaka 1960, akaenda Marekani kama kibarua. Mwaka 1984 kaka yake Armando aliuawa Tijuana, naye akamtungia corrido. Baadaye, akiwa jela, akaanza kuwatungia wafungwa wenzake. Kila mmoja alikuwa na kisa chake na alitaka kisikike. Walimlipa kwa walichokuwa nacho: fedha, saa, bunduki. Alipotoka aliendelea hivyohivyo Los Angeles, akirekodi kanda kwa gharama za wateja na kuziuza kwenye buti la gari. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na watu waliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Wengi katika wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa vijijini ambao hakuna gazeti lingewaandika. Mtu anataka jina la marehemu mdogo wake lisipotee; nani atamlaumu? Wapenzi wa muziki wa Kongo nao wanajua maana ya kulipia jina lako litajwe katikati ya sebene, mabanga yale. Tofauti ni kwamba tajiri wa Kinshasa anataka atajwe tu. Mteja wa corrido alitaka atajwe kwa ushujaa, kwa uaminifu na kwa idadi ya maadui aliowalaza chini. Na mtunzi aliyekwisha kupokea saa ya dhahabu hawezi kuandika kwamba mteja alikimbia.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, heshima ilipogeuka bidhaa. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kutenganisha maneno matatu ambayo wimbo wa kulipiwa huyachanganya. Heshima hupewa na watu, na wanaweza kuiondoa. Sifa huweza kununuliwa. Hofu hutozwa. Kigogo wa magendo ana sifa na hofu tele, na corrido yake inavibatiza vyote viwili kwa jina la lile neno la kwanza.

Chalino mwenyewe alikufa katika namna ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni. Usiku wa Mei 1992 alikuwa akitumbuiza Culiacán, mji mkuu wa Sinaloa. Mkanda wa video upo. Anapokezwa karatasi jukwaani, anaifungua, anaisoma, uso unabadilika, anajifuta jasho. Anaifinyanga karatasi. Halafu anaanza wimbo, tena wa mapenzi, na kuuimba mpaka mwisho. Baada ya onyesho walimsimamisha watu waliosema ni polisi, na alfajiri ya tarehe 16 mwili wake ukakutwa kando ya barabara. Kilichoandikwa katika karatasi ile hakijawahi kujulikana. Kama kuna heshima katika habari hizi zote, mimi naiona katika dakika zile chache za kuimba, na hazina uhusiano wowote na magendo.

Turudi kwa wasioimba.

Novemba 2018 ilianza Brooklyn, New York, kesi ya Joaquín Guzmán, El Chapo, mtu ambaye kutoroka kwake gerezani mara mbili, mwaka 2001 na mwaka 2015, kumezaa corrido zisizo na hesabu. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi 14 waliokuwa watu wa kazi yake au wa kazi kama yake. Wote waliimba. Jesús Zambada aliimba, mdogo wake Ismael Zambada, El Mayo, mshirika mkuu wa Guzmán. Dámaso López aliimba, naye alikuwa compadre wake Guzmán. Compadre ni undugu wa ubatizo: baba wa mtoto na msimamizi wa mtoto wanakuwa ndugu mbele ya kanisa, na Meksiko undugu huo hauchezewi, katika nyimbo ndio usiseme. Januari 2019 akapanda kizimbani Vicente Zambada, mtoto wa El Mayo, akaeleza jinsi baba yake alivyotenga hongo hadi dola milioni moja kwa mwezi. Miezi michache baadaye alihukumiwa miaka 15, badala ya maisha yaliyokuwa yakimkabili.

Wahenga wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Brooklyn hata huyo mzaliwa nawe alikosekana. Ndugu, compadre, mwana: ngazi zote za uaminifu ambazo corrido huziapia zilipita pale mbele ya jaji, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na punguzo la kifungo analolitazamia.

El Mayo alibaki nje. Hakuwahi kufungwa jela hata siku moja katika karibu nusu karne ya kazi, na hilo nalo likaimbwa. Kisha Julai 25, 2024 alikamatwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege karibu na El Paso. Aliyekuwa naye ndani ya ndege ni Joaquín Guzmán López, mtoto wa El Chapo. Katika barua iliyotolewa na wakili wake, Zambada alieleza kwamba alialikwa kwenye kikao cha usuluhishi nje ya Culiacán, kijana huyo aliyemjua tangu utotoni akamwongoza hadi chumba chenye giza, humo akavamiwa, akafungwa na kupakiwa. Msomaji aliyesoma habari za Fumo Liyongo, aliyedungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe aliyeahidiwa binti wa mfalme, hatashangaa. Kisa ni kimoja, ila mtunzi wa utenzi hakumficha mwana yule wala hakumpamba.

Mwezi Septemba mwaka huo pande mbili za genge, watu wa Zambada na watoto wa Guzmán, zilianza vita mjini Culiacán. Katika mwaka wa kwanza waliuawa watu zaidi ya elfu moja. Shule zilifungwa, harusi zikaahirishwa, na wapiga tarumbeta waliozoea kukodiwa mitaani wakakosa kazi katika jimbo lililouzaa muziki wao.

Wanamuziki nao wamekuwa wakilipa. Sifa ikishanunuliwa na upande mmoja, upande wa pili huiona kama bendera ya adui. Valentín Elizalde aliuawa Reynosa mwezi Novemba 2006, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani. Peso Pluma, kijana aliyeifikisha corrido katika chati za dunia, alifuta onyesho lake la Tijuana mwaka 2023 baada ya mabango ya vitisho. Mei 2025 watu watano wa Grupo Fugitivo, bendi ya kawaida ya kukodiwa kwenye sherehe, waliitwa Reynosa kwenda kupiga, na mwisho wa mwezi miili yao ikapatikana. Hao hawakuwa mabingwa wa kusifu yeyote. Walikuwa kazini.

Serikali za majimbo na miji zimejaribu marufuku. Sinaloa ilizizuia nyimbo hizi kwenye baa mwaka 2011. Nyimbo zikahamia kwenye simu. Sina imani na marufuku, na kilichotokea Texcoco kinanithibitishia. Aprili 2025, kwenye maonyesho ya farasi ya mji huo, mwimbaji Luis R. Conriquez aliwaambia watazamaji kwamba usiku ule hataimba corrido za magenge kwa sababu zimezuiwa. Walimzomea, wakarusha vinywaji na viti, wakapanda jukwaani na kuvunja ala za bendi. Watu waliokuja kusikiliza nyimbo za kutimiza ahadi waliona wamevunjiwa ahadi. Huwezi kuwatoza faini wakaacha kutamani. Rais Claudia Sheinbaum, ambaye hakutaka marufuku ya taifa, alianzisha shindano la nyimbo zisizotukuza ukatili. Sijui kama shindano la serikali limewahi kushinda wimbo unaochezeka, lakini ni heri kuliko rungu.

Wiki mbili kabla ya Texcoco, Machi 29, huko Zapopan katika jimbo la Jalisco, bendi ya Los Alegres del Barranco iliimba wimbo wa kumsifu Nemesio Oseguera, El Mencho, aliyekuwa wakati huo mkuu wa genge la Jalisco. Picha yake ikatokea kwenye skrini kubwa nyuma yao. Sehemu ya ukumbi ilishangilia. Marekani iliwafutia wanamuziki hao viza ndani ya siku chache.

Machi 5, wiki zipatazo tatu kabla ya shangwe hizo, katika jimbo hilohilo, wanawake na wanaume wa kundi la Guerreros Buscadores walikuwa wameingia Rancho Izaguirre, wilaya ya Teuchitlán. Hawa ni watu wanaotafuta ndugu zao. Meksiko ina watu zaidi ya 120,000 waliosajiliwa kuwa wamepotea, na kwa kuwa dola haiwatafuti ipasavyo, mama na dada zao huenda wenyewe na nondo. Huichoma nondo ardhini, huichomoa, huinusa ncha. Hawalipwi. Wengine wameuawa kwa kazi hiyo. Uaminifu wao unateremka pia, kama wa Cortez wa kwenye wimbo, kwa mtu ambaye pengine hana hata mifupa ya kuwashukuru.

Pale ranchi walikuta mabaki ya mifupa iliyoungua, mabegi, nguo na mamia ya viatu. Walivipiga picha na kuzisambaza, na familia kutoka majimbo mbalimbali zikaanza kutambua shati la huyu na begi la yule. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba mahali hapo palikuwa kambi ya genge la Jalisco ya kuwafunza askari wapya, na kwamba wengi wao hawakujiunga kwa kupenda. Waliona matangazo ya kazi kwenye mitandao ya kijamii, nyingi za ulinzi, zenye mshahara mzuri. Walitakiwa wafike kituo cha mabasi, watachukuliwa na gari.

Gari lilikuja.